Hisa Hazinunuliwi kwa Fununu

Hivi leo mkata mkonge wa Korogwe au mkulima wa mahindi wa Handeni aweza kununua hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam kwa simu yake ya mkononi. Jambo hili ni jema. Soko hilo lilipoanza kazi mwezi Aprili 1998, wengi walidhani ni la matajiri wa mjini peke yao. Mfanyakazi mwenye sehemu yake katika benki au kiwanda cha nchi yake ni mwenye mali kwa haki. Lakini kwa simu hiyo hiyo huja pia maneno ya watu: nunua hisa fulani leo, kesho zitapanda. Juu ya maneno hayo twapenda kuwaonya ndugu zetu.

Watu wa Handeni hawana haja ya kutafuta mfano mbali. Katika kilima cha Magambazi, ambako wachimbaji wadogo walikuwa wakitafuta dhahabu, ilifika kampuni ya Canaco Resources ya Vancouver, Kanada, ikatoboa miamba kwa mashine. Mwaka 2009 hisa zake katika soko la huko zilikuwa chini ya dola 1. Habari za mashimo mapya zilipotangazwa, bei ikapanda hata ikapita dola 5 mwaka 2011 ulipoanza. Wakati huo kampuni haikuwa imejenga mgodi wala kuuza dhahabu yake. Wanunuzi walikuwa wakinunua matumaini. Kabla ya mwaka 2012 kwisha, bei ilikuwa imerudi chini ya dola 1. Mwaka 2013 kampuni hiyo ikabadili jina, ikaitwa Orca Gold, ikageukia Sudani. Aliyenunua mapema akauza bei ilipokuwa juu alipata faida. Aliyesikia habari mwishoni ndiye aliyemlipa mwenzake faida hiyo.

Kuna atakayesema kwamba hasara ile ilitokana na ubovu wa habari, na kwamba habari ikiwa ya kweli hakuna hatari. Sivyo. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 za Kenya kila moja. Watu walipanga foleni, na wengi wao walikopa benki, kwa kuwa kila kinywa kilisema bei itapanda mara moja. Ilipanda siku za kwanza, kisha ikashuka, na mwanzoni mwa 2009 ilikuwa chini ya shilingi 3. Kampuni yenyewe haikuwa mbovu, kwani mwaka 2021 hisa ile ile ilipita shilingi 40. Aliyenunua kwa akiba yake aliweza kungoja. Aliyenunua kwa mkopo alidaiwa kila mwezi, akalazimika kuuza kwa hasara. Mshauri hakusema uongo, ila hakulijua deni la mwenzake, wala hakulilipa.

Wala tusiisahau DECI, iliyofungwa na Serikali yetu mwaka 2009. Ile haikuwa biashara ya hisa hata kidogo. Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliokuja nyuma. Lakini ilienea kwa njia ile ile tunayoisema: ndugu akimwambia ndugu, muumini akimwambia muumini, kila mmoja akimwamini mwenzake na hakuna aliyeuliza fedha zazaliwa wapi.

Twajua mfanyakazi hana nafasi ya kusoma kila kitabu cha hesabu. Hata hivyo aweza kuuliza. Kampuni hii yapata faida yake kwa kazi gani? Imelipa gawio miaka iliyopita? Huyu anayenishauri anazo hisa hizo, na je, yeye mwenyewe anunua au auza? Dalali huyu anayo leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana? Na la mwisho: fedha hii ikikaa miaka mitano bila kurudi, watoto wangu watasoma na kula? Mkata mkonge ajua kwamba mkonge haukatwi mwaka ule ule uliopandwa, bali hungojewa miaka. Akiba yake astahili kuipa subira hiyo hiyo. Wahenga walisema akili za kuambiwa changanya na zako, hawakusema zitupe.

Neno letu la mwisho ni kwa viongozi wa matawi, wa vyama vya wafanyakazi na wa vyama vya akiba na mikopo. Mtu wa kawaida akisema hisa fulani ni nzuri, husikilizwa kama jirani. Kiongozi akisema hivyo mkutanoni, mnyonge husikia amri, naye huenda akatoa mafao yake ya miaka thelathini ya kazi. Kiongozi na afundishe hisa ni nini, gawio ni nini, na hasara huja vipi. Lakini asitaje jina la kampuni akawaambia watu wainunue. Bei ikishuka, yeye atabaki na cheo chake, na mzee wa Korogwe atabaki hana kitu.