Ugatuzi si Sitara

Tangu Elon Musk aliponunua Twitter, Oktoba 2022, umezuka uhubiri mpya miongoni mwa wapenzi wa mitandao ya kijamii, na wapo wanaoufikisha hadi kwa washairi wa pwani. Wahubiri wake wasema hivi: ihameni nyumba ya tajiri mmoja, mwende kwenye mitandao iliyogatuliwa, yaani ile isiyo na mwenyewe mmoja, ambako kila jamii yaweza kusimamisha seva yake na bado ikazungumza na seva nyingine zote, huko ndiko uliko uhuru, na huko ndiko iliko siri ya mtu. Nusu ya maneno haya ni kweli. Nusu ya pili, ile ya siri, si kweli, na madhara yake kwa watu wa visiwani ni makubwa kuliko kwa watu wa Berlin au San Francisco.

Kwanza watajwe wanaoshindana. Mastodon iliasisiwa Ujerumani mwaka 2016 na Eugen Rochko, nayo hutumia itifaki ya ActivityPub, ambayo Januari 2018 ilipitishwa na W3C, shirika linaloweka kanuni za wavuti. Bluesky ilizaliwa ndani ya Twitter yenyewe: Jack Dorsey aliitangaza Desemba 2019, ikajitenga ikawa kampuni, ikawafungulia watu wote milango Februari 2024, na kufikia Novemba ya mwaka huohuo ilikwisha pindukia watu milioni 20. Dorsey mwenyewe alikuwa amekwisha jitoa katika bodi yake Mei 2024 na mapenzi yake kuyahamishia Nostr. Meta nayo, isiyokubali kupitwa na soko lolote, ilileta Threads Julai 2023, na ilipoanza majaribio ya kuiunganisha na ActivityPub Desemba ya mwaka ule, wasimamizi wengi wa seva za Mastodon walikuwa wameshaapa kuifungia milango. Tangu hapo ni vijembe. Wa Mastodon husema ugatuzi wa Bluesky ni wa kwenye karatasi, kwa kuwa takriban wakaazi wake wote wamo katika mitambo ya kampuni moja. Wa Bluesky hujibu kwamba Mastodon ni nyumba ambayo mgeni huuzunguka ukuta kutwa asiuone mlango. Pande zote mbili zasema kweli, na ndiyo maana ugomvi hauishi.

Katika ugomvi huo kila upande hutandaza vipengele vipya kama mchuuzi atandazavyo kanga. Bluesky hujisifu kwamba yeyote aweza kujitungia mkondo wa machapisho na kuwagawia wengine, na kwa mpenzi wa ushairi hilo si jambo dogo: mkondo wa mashairi matupu, usio na matusi wala siasa. Lakini karibu vipengele vyote hivyo vyahusu namna ya neno kutoka. Namna ya neno kuzuiliwa, au kufikishwa kwa aliyekusudiwa tu, ndiyo iliyoachwa nyuma.

Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu hawakufanya kosa hilo. Nje palikuwa na baraza, ambapo mpita njia aliketi bila kuulizwa ukoo wake. Baada ya mlango pakawa na tekani, ikapindwa makusudi ili jicho la nje lisifike ndani. Kisha kiwanda, kisha misana, na mwisho ndani kwenyewe, ambamo hata ndugu si kila mmoja aliingia. Mtu hakuwa ama hadharani ama mafichoni. Alikuwa na daraja kadhaa za kuonekana, na mwenye nyumba ndiye aliyemwonyesha mgeni aishie wapi. Mastodon walau yakaribia: mwandishi aweza kuchagua chapisho lake lisomwe na wote, na wafuasi wake, au na waliotajwa tu. Bluesky ilijengwa baraza tupu. Hadi kufikia mwaka 2025 haikuwa na chapisho la wafuasi peke yao. Kila kilichoandikwa, kila kilichopendwa, hata orodha ya waliozuiwa, vyote vilikuwa wazi kwa anayejua kutafuta. Katika pwani iliyolea mipasho, ambapo kanga moja iliyovaliwa siku ya harusi yaweza kuvunja ujirani wa miaka kumi, kumwonyesha kila mtu nani amemfungia nani mlango ni kuwasha moto na kugawa kuni.

Na barua za faragha? Ujumbe wa faragha wa Mastodon haukutiwa kufuli: husafiri kutoka seva hadi seva, na msimamizi wa kila seva inayohusika, akitaka, aweza kuusoma. Mastodon yenyewe huwaonya watumiaji wake juu ya hilo, na uungwana huo usisahauliwe. Bluesky ilipoleta ujumbe wa aina hiyo Mei 2024, nao haukuwa na ule ulinzi waliouzoea watumiaji wa WhatsApp, wa kwamba asomaye ni mwandikaji na mwandikiwa tu. Mei 2023, nchini Marekani, maofisa wa FBI waliipekua nyumba ya mmoja wa wasimamizi wa Kolektiva, seva ya Mastodon, kwa jambo lisilohusiana na seva hiyo, wakachukua pamoja na vitu vingine nakala ya hifadhidata yake ambayo haikufungwa kwa fumbo lolote. Barua za watu wasiohusika na upekuzi huo zilikwenda pamoja na mitambo.

Hapa ndipo hoja ya ugatuzi inapopinduka kisiwani. Huambiwa washairi: simamisheni seva yenu, mumweke mtu wenu, na mtu wenu mtamwamini kuliko kampuni ya California. Yamkini Mjerumani humwamini msimamizi wake kwa sababu hamjui wala hatakutana naye. Kisiwani msimamizi ni mtoto wa shangazi. Ni shemeji wa yule aliyetungiwa shairi. Huswali msikiti mmoja na mume wa mtunzi. Kesho ndiye atakayekaa katika jopo la kuchagua mshindi wa mashindano. Kampuni ya ng'ambo ikiisoma barua ya mtunzi wa Wete itataka kumuuzia sabuni. Jirani akiisoma, ndoa imo hatarini. Mahali padogo huhitaji pazia zito zaidi, na mitandao hii imekuja na pazia jepesi.

Watasema baadhi ya malenga kwamba pwani ina pazia lake, nalo ni fumbo. Kwa hakika fumbo limewafaa watunzi kila wakati ambapo kusema wazi kulikuwa na gharama. Lakini fumbo huficha maana, halifichi mtu. Mtambo haujali kama jahazi lililo katika shairi ni jahazi au ni mwanamke. Unachohifadhi ni nani alimpelekea nani, saa ngapi, mara ngapi. Kwa anayetaka kujua, hesabu hiyo yatosha bila kusoma ubeti hata mmoja.

Lipo pingamizi lenye uzito zaidi, kwamba ushairi wa Kiswahili umeishi kwa kunakiliwa. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zilidumu vinywani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua alipomkusanyia mmishenari William Taylor, zikaja kuchapwa mwaka 1940. Mwana Kupona alimtungia bintiye utenzi mwaka 1858, na leo wausoma wanafunzi wa London. Kwa nini basi kulilia nakala? Ni kwa sababu Mwana Kupona, humo humo utenzini, aliwaita wanawake wausome. Ridhaa ilitoka kwake. Novemba 2024 mfanyakazi mmoja wa kampuni ya Hugging Face alikusanya machapisho milioni 1 ya Bluesky akayaweka hadharani yawe chakula cha mashine za akili mnemba. Aliyaondoa baada ya makelele, lakini hakuwa amevunja mlango wowote, ulikuwa wazi. Bluesky ilikwisha ahidi kwamba yenyewe haitazifunza mashine kwa maandishi ya watu. Wengine hawakuahidi kitu. Na huko Mastodon nakala ni tele pale mtunzi asipozitaka, na hazipo pale azitakapo: akifuta shairi, seva za mbali huombwa tu nazo zifute, akihama kutoka seva inayofungwa, huenda na wafuasi wake na kuyaacha machapisho yake nyuma.

Ama ile hoja kwamba mtandao usio na kichwa haufungiki, Watanzania wameipima. Mei 2025 X ilifungwa nchini, na kwa muda hoja ilionekana kuwa na nguvu. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti yenyewe ilikatwa, ikakaa hivyo siku kadhaa, na nyumba elfu zilizogatuliwa zilikuwa na giza sawa na nyumba moja.

Si haki kusema kwamba hakuna aliyeona. Februari 2024, Ryan Barrett alitangaza daraja la Bridgy Fed, lililokusudiwa kuvusha machapisho ya Mastodon hadi Bluesky isipokuwa ya mtu aliyekataa. Watu wa Mastodon walimjia juu kwa ukali uliopita kiasi; lakini walikuwa na haki, naye akageuza utaratibu, havuki ila aliyeomba kuvushwa. Kwa miaka mingi pia Mastodon ilikataa kipengele cha kunukuu chapisho la mtu, kwa hofu kwamba nukuu ingekuwa fimbo ya kuwachapia watu hadharani. Ilipokileta mwaka 2025 ilimpa mwandishi uwezo wa kuamua nani amnukuu. Malenga wanaojua tofauti ya kujibiwa shairi na kufanyiwa kejeli watauelewa ukubwa wa kipengele hicho pengine kuliko wahandisi waliokitengeneza.

Basi vikundi vya washairi vinavyoitwa kuhamia huko vihamie na mashairi yaliyokusudiwa baraza. Barua, rasimu na beti zisizotiwa jina zibaki nje, mpaka Mastodon na Bluesky ziweze kuzifunga hata mwenye seva asizisome. Na wahubiri wa ugatuzi waache kuliuza neno siri mpaka siku hiyo.