Mavazi ya Mtafiti

Majuma mawili yaliyopita mzazi mmoja alitujia baada ya Misa ya pili, akiwa na shauri. Mwanawe asoma elimu ya misitu hapa Bunia, naye yu katika mwaka wa mwisho. Karibu atasimama mbele ya maprofesa kuitetea kazi yake ya utafiti. Siku hiyo, kama mjuavyo, kijana huvaa suti na tai, ndugu huja na maua, na picha hupigwa. Mzazi yule alikuwa amekwisha kuuza mbuzi wawili kwa ajili ya suti. Alitaka kujua kama yafaa kumwuza na wa tatu, apate viatu vya kung'aa.

Tulimwuliza: "Na miezi hii anapozunguka kukusanya habari, mwanao avaa nini?" Akatutazama kwa mshangao. Hakuwa amelifikiri jambo hilo.

Hatumlaumu. Suti ni heshima kwa walimu na kwa wazazi, ingawa zamani za Zaire tai yenyewe ilikatazwa, watu wakavaa abakosti mpaka mwaka 1990. Lakini suti hukaa mwilini saa chache tu. Utafiti wenyewe ni siku nyingi, tena ndefu. Mji wetu u juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari: asubuhi baridi, adhuhuri jua kali, na wakati wa kiangazi vumbi jekundu juu ya kila kitu. Mwanafunzi hutoka alfajiri, huketi maktabani, au husimama penye mlango wa ofisi akingoja muhuri, hurudi jioni. Huyo ahitaji shati la pamba lifulikalo upesi, sweta ya kuvua jua likipanda, na viatu vilivyokwisha kuuzoea mguu.

Aendaye msituni, upande wa Mambasa na Epulu, penye hifadhi ya okapi iliyowekwa mwaka 1992, ahitaji zaidi. Buti za mpira humkinga na matope na nyoka, mikono mirefu humkinga na mbu. Tena ajihadhari na rangi. Mbung'o hupenda buluu na nyeusi, ndiyo sababu mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Na nguo za madoadoa kama za askari, ambazo vijana wazinunua katika mitumba kwa kuwa ni imara, asizivae kamwe. Katika nchi iliyoona vita kama Ituri, mtu aweza kuuawa kwa sababu ya suruali.

Wengine utafiti wao ni wa magonjwa. Mwaka 1976, kule Yambuku, Profesa Jean-Jacques Muyembe alitoa damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, maana glavu hazikuwapo, wala ugonjwa ule haukuwa na jina. Alinawa kwa maji na sabuni, akapona. Ugonjwa huo ndio ebola, ambao kati ya mwaka 2018 na 2020 ulifika hata kwetu. Yeye mwenyewe aliwekwa kuongoza vita dhidi yake mwaka 2019, na safari hiyo wahudumu walivikwa mavazi ya kuwafunika tangu utosini hadi nyayoni.

Neno moja kwa waendao kuwahoji wakimbizi makambini. Watu hao wamepoteza vyote. Ukiwaendea na viatu vya kung'aa na saa kubwa, watadhani wewe ndiwe mgawaji wa misaada, nao watakujibu lile litakaloleta unga. Basi umeandika daftari zima la maneno yasiyo na faida. Ukiwaendea umevaa matambara, wataona umewadharau. Vaa nguo ya kawaida, safi, iliyopigwa pasi. Wasichana waulizao kama ni kosa kuvaa suruali juu ya pikipiki, sisi hatuoni kosa; wengi huvaa suruali, kisha hufunga kitenge juu yake wakifika kijijini, na akina mama huwapokea vizuri.

Mzazi yule alirudi Jumapili iliyopita. Alikuwa amemwuliza mwanawe, akasikia asilolitazamia: tangu mwanzo kijana huingia msituni na ndara, kwa kuwa viatu vyake pekee aliviweka kabatini, visichakae kabla ya siku ya maprofesa. Mara mbili alichomwa na miiba hata akalala siku tatu, wala hakusema nyumbani, akiogopa kuongeza gharama. Mzee alitusimulia hayo akitazama chini.

Mbuzi wa tatu yungali zizini. Ziliuzwa kuku tatu, buti za mpira zikanunuliwa sokoni. Zimeuzidi mguu kidogo. Kijana huvaa soksi mbili.