USIUZE MCHEZO AMBAO MKONO WA MWINGINE HAUJAINGIA NDANI YAKE



Himidi zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu, kuna kijana ameniandikia kutoka Toronto. Wazazi wake ni watu wa Lamu. Akasema: "Ustadhi, nimetunga kisa cha mchezo wa mezani, nataka kukiuza mtandaoni kwa dola tano. Je, pesa yake ni halali?" Tumeandikiana wiki kadhaa, na amenipa ruhusa niyaweke mazungumzo yetu hapa bila jina lake, ili wengine wafaidike.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi, na kila mmoja wa waliobaki anashika mhusika wake. Msimulizi anaeleza kilichopo mbele yao, wao wanasema watafanya nini, na kanuni zinaamua pale ambapo haijulikani kama jambo litafaulu. Ni kama bibi anaposimulia hadithi usiku, ila hapa wajukuu wanaruhusiwa kuibadilisha safari ya sungura. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuuzwa madukani ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Leo mtu mmoja mwenye kompyuta anaandika kanuni zake au kisa chake, anakiweka kwenye itch.io, na kinanunuliwa Brazil au Malaysia bila kupitia kampuni yoyote. Hao ndio watunzi huru, na kijana wetu anataka kuwa mmoja wao.

Najua maswali yatakayokuja kwenye maoni: dadu, uchawi na miungu ya kubuni. Kuhusu dadu, wanazuoni wengi wamezikataza kwa kutegemea hadithi za nardi, hata pasipo pesa. Wako walioona kuwa sababu ya katazo ni kamari. Mimi nilimshauri kijana akae mbali na shaka, na njia ipo. Tangu mwaka 1991 Erick Wujcik alitoa mchezo wa Amber usio na dadu kabisa. Upo mwingine, Dread, ambamo mchezaji anayetaka kufanya jambo la hatari huchomoa kijiti kwenye mnara wa Jenga. Na Jenga ni neno letu: aliyeupa mchezo ule jina hilo na kuuingiza sokoni London mwaka 1983 ni Leslie Scott, mwanamke aliyezaliwa Afrika Mashariki. Ama uchawi na miungu, uzuri wa kuwa mtunzi huru ni kwamba hulazimishwi kuviandika. Kijana wetu aliandika kisa cha jahazi linalotoka Lamu kwenda Muscat kwa upepo wa kusi. Ndani yake kuna kasha la mali ya mayatima lililokabidhiwa kwa nahodha, nalo limetoweka katikati ya bahari. Wachezaji ni mabaharia, na wanatakiwa walipate kabla ya kutia nanga.

Kisa kizuri, mashallah. Lakini swali langu kwake lilikuwa jingine. "Umekijaribu?"

"Mara nne, Ustadhi. Wote walifurahi."

"Nani alikuwa msimulizi?"

"Mimi."

"Na waliocheza?"

"Kaka yangu, binamu zangu wawili na rafiki yangu wa chuo."

Nikamwambia: mwanangu, hujakijaribu kitabu. Umejijaribu wewe.

Tumepokea katika hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye lundo la chakula, akaingiza mkono ndani yake, na vidole vyake vikapata unyevu. Akamuuliza mwenye mali, naye akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, kisha likaja onyo kali juu ya anayeghushi. Zingatia hapa. Yule bwana hakuimwagia nafaka maji, mvua ndiyo iliyoilowesha. Kosa lake ni kwamba juu palikuwa pakavu, na mnunuzi anaangalia juu.

Kisa cha mchezo kina juu na chini. Juu ni jalada, picha, na maneno matamu ya tangazo. Chini ni kile kinachotokea saa ya pili, mbele ya watu wasiokujua, wakati haupo kuwaelekeza. Mnunuzi hawezi kukuona huko chini mpaka amekwisha kulipa. Kwa hiyo wewe mtunzi ndiye unayetakiwa kumwita mtu aingize mkono kabla hujafungua duka.

Kijana akakubali kwa shingo upande. Akawapa kisa chake kundi la watu wasiomjua, wakacheza bila yeye kuwepo, na akawaomba waandike yaliyotokea. Majibu yalimuumiza.

La kwanza: dalili ya pekee ya kulipata kasha ilikuwa fundo la kamba chini ya boriti, lililofungwa kwa namna isiyo ya kibaharia. Kaka yake aliiuliza kamba ile mara zote nne, kwa sababu anamjua mdogo wake na mambo yake. Kundi jipya halikuuliza habari za boriti hata mara moja. Walimhoji mpishi saa mbili nzima, maskini, mpaka wakachoka.

La pili: aliandika sentensi moja, "Nahodha anajua kasha lilipo." Alikusudia pale lilipowekwa mwanzo wa safari. Msimulizi mgeni akaelewa kuwa nahodha anajua liliko sasa, akamwigiza kama mwizi, na mabaharia wakamtia pingu mtu asiye na hatia. Kila alipokisimulia mwenyewe, ulimi wake uliirekebisha sentensi ile bila yeye kujua.

Kijana akaniandikia, "Ustadhi, hawakukisoma vizuri." Nikamjibu: kitabu hakitasafiri na mdomo wako. Aliyekinunua usiku wa manane huko Kuala Lumpur hatakupigia simu umweleze ulichokusudia.

Tuliosoma madrasa tunalijua jambo hili. Ukijisomea chumbani peke yako kila herufi iko sawa. Ukikaa mbele ya mwalimu ndipo unaposikia kuwa umeimeza ghunna na umeurefusha mahali pasipo madi. Na maulamaa wa hadithi hawakuitegemea nakala ya mwanafunzi mpaka ilinganishwe na asili. Hawakumtuhumu uongo. Walijua tu kwamba jicho la mwandishi husoma kilichomo moyoni mwake na kuruka kilichomo kwenye karatasi.

Wasio wa dini yetu katika kazi hii wameyajua hayo kwa uzoefu, na hekima tunaichukua inapopatikana. Tracy na Laura Hickman, mtu na mkewe, walikicheza kisa chao cha Ravenloft na watu kwa miaka kadhaa kabla hakijachapishwa mwaka 1983. Maudhui yake si yetu, nazungumzia subira yao. Kabla ya toleo la mwaka 2014 la Dungeons & Dragons, kampuni iliwafungulia watu rasimu kuanzia mwaka 2012, wakajitokeza zaidi ya 175,000 kuijaribu. Na mwaka 2008 Justin Alexander aliwashauri watunzi kwamba kila jambo wanalotaka wachezaji waligundue liwe na dalili tatu angalau, maana moja wataipita na nyingine wataielewa vibaya.

Kwa hiyo nasaha zangu kwa vijana watunzi ni hizi:

1. Kijaribu na watu wasiokupenda kwa damu. Ndugu yako atakuonea haya.

2. Angalau meza moja icheze bila wewe. Ukilazimika kuwepo, kaa pembeni na ufunge mdomo. Kila unapotamani kueleza, andika: hapo ndipo kitabu kilipolowa.

3. Usiulize "mmependa?" Uliza walikwama wapi, walichoka saa ngapi, na walidhani nini kitatokea.

4. Wanaojaribu wana haki. Wamekupa jioni yao. Waombe ruhusa uandike majina yao kitabuni, wape nakala, na kama uliahidi malipo, lipa kabla jasho halijakauka.

5. Ukitaka kuuza kabla ya kumaliza kujaribu, sema wazi: hii ni rasimu, haijajaribiwa. Watunzi huru wengi huuza rasimu kwa bei nafuu kwa tangazo la namna hiyo, na hilo ndilo kukiweka kilicholowa juu. Aibu iliyotajwa inamwachia mnunuzi hiari yake.

Wako watakaosema, "Shekhe, ni dola tano tu." Dola tano ni ndogo, kweli. Lakini watu watano wakikaa saa nne mbele ya kisa kisichokwenda, hizo ni saa ishirini za umri. Pesa unaweza kuirudisha. Umri utaurudishaje?

Na wako watakaosema natia dini kwenye upuuzi. Ndugu yangu, mizani ya mwenye duka la sukari inapimwa, na fundi cherehani anaulizwa juu ya kitambaa alichokiharibu. Mbona anayeuza maneno aachwe? Wala sisemi kila kosa la uandishi ni ghishi. Kila kitabu cha mwanadamu kina makosa. Nasema kujua kwamba hujaangalia chini, kisha ukauza kana kwamba umeangalia, hapo ndipo pa kuogopa.

Kijana wetu aliyasikia. Fundo la kamba limebaki, akaongeza alichokisikia mpishi usiku, na hesabu ya boriti isiyolingana na daftari la nahodha. Ile sentensi ameiandika upya. Meza ya tatu, watu wageni tena, walilipata kasha siku ya pili kabla ya Muscat. Wakamwambia pia kwamba aliyemshika mpishi alikaa saa nzima bila la kufanya. Sasa anarekebisha hilo. Hajauza hata nakala moja, na wiki hii ameniandikia kuwa usingizi wake ni mtulivu zaidi kuliko siku aliyoniuliza habari ya dola tano.

Mwenyezi Mungu atujaalie ikhlasi katika kazi za mikono yetu, na atupe vifua vipana vya kupokea marekebisho. Wallahu a'lam.

Mfikishie kijana yeyote unayemjua anayetunga.

Wabillahi tawfiq.