Wapagazi wa Hali ya Hewa

Mwezi wa Novemba, mwaka 1857, Burton na Speke waliingia Kazeh, mahali ambapo leo ni Tabora. Mizigoni mwao zilikuwemo zana za kupimia joto na mwinuko wa nchi. Zana zilichukuliwa na wapagazi; elimu iliyotokana nazo ikaenda kusomwa London. Mpagazi alipata ujira wa bega lake, si wa akili yake.

Nauliza: msaada wa kitaalamu katika huduma za hali ya hewa umeiacha njia ile ya misafara, au waifuata? Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilianza mwaka 1950, na mwaka 1967 likaanzisha mpango wa mataifa kusaidiana kwa hiari. Jambo hilo ni jema, wala simwombi mtu akatae rada. Lakini wingu halijui mpaka. Vipimo vya Tabora vyahitajiwa na watabiri wa Ulaya, kama vya kwao tunavyovihitaji sisi. Basi msaada huu si sadaka. Ni shirika la watu wawili, na kila mmoja ana haki ya kudai.

Ninachopinga ni desturi ya kuupima msaada kwa masanduku. Chombo huzinduliwa kwa hotuba. Mradi ukiisha, huanza kutafutwa kipuri na mshahara wa mwangalizi. Kipimamvua kisicho na mtu wa kukisoma kila asubuhi ni kopo tu.

Upungufu mwingine ni wa lugha. Mkulima wa Sikonge au Urambo ana msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili; akikosea kupanda, hana msimu wa pili wa kujirudi. Aambiwa mvua itakuwa juu ya wastani. Wastani ni hesabu ya miaka 30 iliyo ofisini. Yeye ataka kujua kama apande mahindi sasa au angoje. Maneno ni ya Kiswahili, lakini maana haijafika shambani. Kuifikisha kwataka mtabiri, bwana shamba na mjuzi wa lugha waketi pamoja na wakulima, na kazi hiyo haina sanduku la kuzinduliwa.

Wengine watasema hayo ni juu yetu wenyewe. Kweli, basi na tuyatende. Serikali na itenge mshahara na vipuri kabla ya kutia saini. Mfadhili naye alipie ufafanuzi wa utabiri kama alipiavyo chombo. Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa kipo Kigoma, jirani ya Ujiji, mwisho wa njia ile ile. Huko na ifundishwe lugha ya mkulima pamoja na hesabu ya mawingu. Mzigo tumeuchukua muda wa kutosha. Yatupasa sasa tuufungue, tuusome wenyewe.