TAJIRI AKIWA NA SHIDA, NA ASEME NASI USO KWA USO

Ndugu wafanya kazi,

Tarehe 17 Machi, 2022, mabaharia wa P&O Ferries huko Uingereza waliambiwa wangoje tangazo. Tangazo likaja katika video iliyokwisha kurekodiwa: leo ndiyo siku yenu ya mwisho. Watu karibu 800 waliachishwa kazi kwa dakika chache, na yule msemaji wa kwenye kioo hakuweza kuulizwa hata neno moja.

Kampuni ilisema inapata hasara. Hayo huweza kutokea. Lakini wiki moja baadaye mkubwa wake alikiri mbele ya Wabunge kwamba sheria ilimtaka kushauriana kwanza na vyama vya wafanya kazi, naye akaamua kutofanya hivyo. Mitambo ile ile iliyopeleka habari ya kufukuzwa ikaeneza aibu ya kampuni duniani kote.

Simu hatuigombi, maana sisi wenyewe twaitana mikutanoni kwa simu. Tunalokataa ni kusemeshwa na chombo kisichosikia.

Hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, yamtaka mwajiri anayepunguza watu akiarifu chama chao na ofisa wa kazi, pamoja na sababu, si chini ya mwezi mmoja kabla. Basi, mwanachama akipata ujumbe wa namna hiyo asiufute, wala asitie sahihi karatasi yo yote. Aulete kwa katibu wa tawi siku hiyo hiyo.

Umoja ni nguvu.