Mali Bila Daftari: Skrubu ya Uti wa Mgongo na Tasnifu Zetu Kabatini

Kijana mmoja wa uhandisi alibisha hodi ofisini kwangu jioni moja, mkononi ana bahasha ya kaki. Baada ya kuniamkia aliitoa skrubu ya plastiki yenye urefu wa kidole cha mwisho, akaiweka mezani. "Mwalimu, nimeambiwa wewe ndiye mtu wa hataza," alisema. Nilimjibu kwamba mimi ni mwalimu wa sheria tu, lakini nilimkaribisha kiti.

Alinieleza shida aliyokusudia kuitatua. Daktari anapounganisha uti wa mgongo uliovunjika, hukaza skrubu katika pingili, kisha huziunganisha skrubu hizo kwa ufito wa chuma. Kichwa cha skrubu kisipogeuka, ufito hulazimika kukunjwa ili ufuate mstari wa skrubu, na kazi huchukua muda mgonjwa akiwa mezani. Kijana alibuni kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe, kisha hufungwa kisitikisike. Alitumia miaka miwili na sehemu ya akiba ya mama yake. Sasa alitaka tuombe hataza.

Nilimwambia kwamba kabla ya kuomba, sharti tutafute. Hataza hutolewa kwa jambo jipya, na upya huo haupimwi kwa kile mwombaji alichokijua. Hupimwa kwa kile ambacho umma ungeweza kukijua kabla ya siku ya maombi: hataza za zamani, makala, vitabu, maonyesho, hata kifaa kilichokwisha kuuzwa. Hayo yote ndiyo ujuzi uliotangulia.

Kuutafuta hakuhitaji fedha nyingi kama wengi wanavyodhani. Hifadhi ya Patentscope ya Shirika la Miliki Bunifu Duniani na ile ya Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya hufunguliwa bila malipo. Kinachohitajika ni subira na ufunguo sahihi. Maneno peke yake hudanganya, kwa kuwa mbunifu mmoja huandika "skrubu" na mwingine "kiungio". Ndiyo maana hataza hupangwa kwa alama za uainishaji: vifaa vya kuimarisha uti wa mgongo hupatikana chini ya A61B 17/70, na viungo bandia vya uti huo chini ya A61F 2/44. Anayezijua alama hizo ameingia kwa mlango wa mbele.

Jioni ya pili tuliikuta. Ilikuwa hataza ya Marekani ya Wajerumani Jürgen Harms na Lutz Biedermann, iliyotolewa mwaka 1993: skrubu yenye kichwa cha mviringo, kikombe chake, na kipande cha kukikandamiza kichwa kisisogee. Kijana aliitazama michoro kwa muda mrefu. "Kwa hiyo miaka miwili imekwenda bure?" aliuliza.

Haikwenda bure, nami nilimwonyesha sababu mbili. Kwanza, ulinzi wa hataza kwa kawaida hukoma miaka 20 baada ya maombi. Muda wa ile tuliyoikuta umekwisha kupita, kwa hiyo ubunifu uliomo humo ni mali ya umma, ingawa maboresho ya baadaye huenda bado yakawa na wenyewe. Kile kilichomvunja moyo ni mwongozo wa kiufundi uliochorwa na kuelezwa, nao hauna bei.

Pili, hataza hiyo ina historia inayofundisha. Kampuni ya DePuy iliishitaki Medtronic kwa kuivunja. Sehemu moja ya utetezi ilikuwa kwamba kipande cha kukandamiza kisingepaswa kupewa hataza, kwani mtaalamu yeyote angeweza kuchukua skrubu iliyotangulia ya mbunifu aitwaye Puno na kuiongezea wazo kutoka kifaa cha miaka ya 1940 cha kushikilia mifupa iliyovunjika. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya Marekani ilikataa hoja hiyo. Puno alitaka kiungo chake kibaki na mchezo kidogo ili kipunguze mshtuko. Aliyemsoma asingeshawishika kukikaza. Fidia iliyobaki kwa skrubu zenyewe ilikuwa takribani dola milioni 149. Kesi ilisimama juu ya sababu ambayo mbunifu wa awali aliiandika. Katika ujuzi uliotangulia, maelezo ya kwa nini jambo lilifanywa hivi na si vile yana uzito sawa na mchoro.

Kijana alibakiwa na wazo moja dogo: namna ya kukifunga kichwa kwa ufunguo wa kawaida badala ya seti ya zana maalumu, jambo lenye maana katika hospitali ya wilaya. Kwenye hifadhi zote mbili hatukuona linalofanana nalo. Tulikuwa tumeanza kufurahi pale mkutubi wetu, mama aliyekaribia kustaafu, alipouona mchoro akasema, "Hiki mbona nimewahi kukiona?" Alitupeleka stoo. Chini ya rundo la magazeti palikuwa na tasnifu ya mwanafunzi aliyehitimu miaka mingi iliyopita. Wazo lilikuwa karibu lile lile, tena na maelezo ya kwa nini jaribio la kwanza lilishindikana. Tasnifu hiyo haikuwamo katika katalogi. Vijana wawili walilima shamba moja, na wa pili hakujua kwamba palikwisha kulimwa.

Hapa ndipo suala linapovuka skrubu. Mwaka 1986 mahakama hiyo hiyo, katika shauri la Hall, iliamua kwamba tasnifu moja ya udaktari iliyokuwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, ilitosha kuzuia hataza kwa kuwa ilikuwa imeorodheshwa na kuwekwa rafuni ambapo msomaji angeweza kuifikia. Miaka mitatu baadaye, katika shauri la Cronyn, tasnifu tatu za wanafunzi wa Chuo cha Reed hazikuhesabiwa. Zilikuwapo, lakini kadi zake zilipangwa kwa majina ya waandishi tu, nyingine zikiwa ndani ya boksi la viatu katika idara ya kemia. Asiyemjua mwandishi asingeweza kuzipata kwa kutafuta mada.

Hizo ni sheria za Marekani na hazitufungi sisi. Lakini watengenezaji wakubwa wa vipandikizi huomba hataza huko, na mantiki yake ni ya kila mahali: ujuzi usioweza kutafutwa hauwezi kumkinga mwenyewe. Tasnifu ile ya stoo ilikuwa katika boksi la viatu. Kampuni yoyote ingeweza kulifikia wazo lile kwa njia yake, ikapewa hataza, kisha ikatuuzia, nasi tungebaki kusema "hata sisi tulikuwa nalo" bila ushahidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Wapo wenzangu wanaosema kwamba tukiziweka tasnifu wazi tutakuwa tunawapa wageni mawazo yetu. Hofu hiyo naiheshimu, lakini tiba yake ni utaratibu, si kufuli. Anayetaka hataza awasilishe maombi kwanza, BRELA kwa Tanzania au ARIPO kule Harare, kisha achapishe. Asiyetaka achapishe mara moja, kwa sababu kilichochapishwa kikawa wazi, mwingine hawezi tena kukidai kuwa kipya. Linalotudhuru ni hali yetu ya sasa: hatuombi, wala hatuchapishi.

Kwa wanafunzi, ombi langu ni dogo: kabla ya kuchora, tafuteni, na matokeo ya utafutaji yawe sura ya kwanza ya mradi. Kwa watumishi wa umma wanaoandaa zabuni za vifaa tiba, ulizeni kama ulinzi wa kifaa umekwisha kabla hamjakubali bei ya pekee. Kwa wakuu wa vyuo, fungueni stoo. Kila tasnifu ipewe mada, muhtasari na tarehe, iingizwe katika katalogi inayotafutika. Kazi hiyo haingoji mfadhili. Inahitaji mkutubi, kompyuta moja na amri.

Ile tasnifu sasa ina namba yake rafuni. Kijana anaendelea na kazi kuanzia pale mwenzake alipokwama, na jina la mwenzake ameliandika ukurasa wa kwanza.