Tuwashukuru Masista, Imani Yetu Haitapungua

Dada zetu, na hasa nyinyi mabibi harusi watarajiwa mnaotuagiza nguo kutoka huko visiwani.

Leo hatuzungumzii shela wala mishono ya abaya. Kuna jambo limetukaa moyoni tangu mahafali ya darasa la saba.

Sisi ni akina mama watatu wenye kibanda cha ushonaji hapa Olasiti, Arusha. Watoto wetu wanasoma shule ya masista wa Kikatoliki (nyinyi mngesema skuli). Tuliwapeleka pale kwa sababu ni karibu na wanafundisha vizuri. Madrasa wanakwenda mwisho wa wiki.

Ramadhani iliyopita wanetu walifunga. Hatukumwomba mtu chochote. Mpishi wa shule, mama wa Kimeru asiyekosa kanisani, aliwaambia wakati wa chakula cha mchana wakae mbali na jiko, harufu ya maharage isije ikawatia majaribuni. Sista mmoja akawaonesha chumba cha kuswalia adhuhuri. Na mmoja wetu alipokwama ada, kwa kuwa wateja wa harusi walimchelewesha malipo, mtoto wake hakurudishwa nyumbani hata siku moja.

Ikaja kadi ya mahafali. Ratiba ilianza na Misa. Tukatazamana, tukasema, "Huko sisi hatuna letu." Hatukwenda. Jioni binti yetu akarudi na cheti mkononi, akauliza, "Mama, mpishi ameniuliza kama mnaumwa. Kesho nimwambie nini?"

Hatukuwa na jibu.

Misa ni ibada yao, na hakuna aliyetulazimisha kuingia. Lakini baada ya Misa kulikuwa na vyeti, chakula na salamu. Tungeweza kufika saa hiyo, tukashika mikono ya walimu tukasema ahsanteni. Ukweli ni kwamba tulificha utovu wetu wa shukrani nyuma ya dini, na dini yetu haikufundisha hivyo. Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa asiyewashukuru watu hamshukuru Allah. Hakusema Waislamu peke yao, amesema watu.

Tukumbuke pia Najashi, mfalme wa Habasha. Waislamu wa mwanzo walipokimbia mateso ya Makka, yeye, mfalme wa nchi ya Kikristo, aliwapokea na akakataa kuwarudisha kwa Maquraishi. Wema ule haukusahauliwa. Alipofariki, Mtume alimswalia akiwa mbali.

Hapa kwetu Mwalimu Nyerere, Mkatoliki, aliacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955 kwa ajili ya TANU. Waislamu wa Dar es Salaam walimpokea, akina Abdulwahid Sykes na Bibi Titi Mohamed. Hakuna aliyebadili dini kwa kupokea wala kupokelewa.

Wapo watakaosema: ada tunalipa, shukrani ya nini? Ada inalipia darasa na daftari. Haimlipi mpishi kumjali mtoto aliyefunga swaumu ambayo yeye haifungi. Hilo ni hisani, na hisani hailipwi kwa risiti. Shukrani ya punda ni mateke, na sisi tulikaribia kuwa punda.

Wala kushukuru si kunyamaza. Binti akikatazwa hijabu au kulazimishwa ibada isiyo yake, nenda ukazungumze kwa adabu. Ila anayefika shuleni siku ya malalamiko tu, hata sauti yake huchosha.

Nanyi mabibi harusi, jambo hili ni lenu pia. Ukizoea kuona wema wa watu ni haki yako, utaingia kwa mumeo na daftari la madeni. Mama mkwe atakupikia uji wa uzazi, utaona ni wajibu wake.

Wiki iliyofuata tulishona aproni sita za jikoni, tukazipeleka wenyewe. Mpishi alivaa yake palepale, akatujulia hali kana kwamba hatukumkosea. Tulitahayari.

Dada, kama yuko mwalimu, sista au jirani aliyekutendea wema na bado hujamwambia ahsante, mtafute wiki hii. Usingoje mahafali.

Wabillahi tawfiq.